Mbegu za mwani nazo zikaguliwe, si maji ya meli pekee

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kinga ya bahari yetu dhidi ya viumbe wageni, jambo ambalo kila likitajwa huishia kwenye maji ya farumi, yaani yale ambayo meli isiyo na mzigo hujaza matangini ili isiyumbe, kisha ikayamwaga bandarini pamoja na mayai na vijidudu vya bahari ya mbali. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji hayo ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017, na ni haki nahodha anayefunga gati bandari ya Malindi, Unguja, aulizwe daftari la maji hayo kama anavyoulizwa hati za mzigo.

Wasiwasi wangu mkubwa, hata hivyo, uko kwenye mbegu za mwani. Kilimo chetu cha mwani Zanzibar kilianza mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na kimewapa kinamama wengi wa pwani fedha ya mkononi mwao, kwa hiyo siwezi kusema kila kilichotoka nje ni adui. Lakini mwani wa jamii ya kotonii, moja ya aina tunazolima, uliopelekwa ghuba ya Kaneohe, Hawaii, katika miaka ya 1970 ulitambaa nje ya mashamba, ukafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Leo kotonii yetu inakufa kwa joto la maji, wakulima wanatamani mbegu mpya, na tawi bichi, ambalo ndilo mbegu yenyewe, likiviringishwa kitambaa chenye maji ya chumvi linaingia kwa urahisi ndani ya mkoba wa abiria, likiwa na maradhi yake na vimelea vyake.

Naiomba Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ipeleke Baraza la Wawakilishi kifungu kinachotamka wazi kwamba mbegu ya mwani, majongoo bahari au samaki kutoka nje haiingii bila kibali, na ikiingia ikae kwanza kwenye matangi ya karantini yasiyomwaga maji baharini, hadi wataalamu waridhike. Faini pekee haitoshi, kwani kiumbe akishazaliana chini ya maji hakuna askari wa kumrudisha kwao. Gharama za karantini abebe anayeagiza mbegu, si mkulima anayegaiwa, na wakaguzi wawekwe bandari za Mkoani na Wete pia, ambako majahazi hushusha mizigo bila mtu kuuliza kilichomo kwenye ndoo.

Msomaji wako,
Wete, Pemba