Kwenye mikutano yetu, nani anashika saa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana hili jambo la nani anapata muda wa kuongea kwenye mikutano yetu tumelijadili sana vijiweni huku Mtwara na naona sasa liwafikie na wengine, hasa viongozi wa mitaa, vijiji na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), ambao najua gazeti lenu wanalisoma hata kama wamelikuta limefungia maandazi.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya kuongea mbele za watu. Najua kuna watu hapo wameshaanza kucheka, mtu mzima na akili zake anaenda kujifunza kuongea, kwani hana mdomo? Jirani yangu aliniuliza hivyohivyo, nikamwambia njoo Jumamosi usimame dakika mbili tu uongelee chochote, hata bei ya pweza pale Feri, halafu ndio turudi hapa tubishane. Mpaka leo anapiga chenga.

Tunakutana Jumamosi jioni kwenye darasa la kuazima, madawati ya watoto yanatubana magoti balaa. Yupo nesi, wapo madereva bodaboda, yupo fundi cherehani, walimu wawili watatu, wanachuo, mzee mmoja mstaafu wa bandarini na mama mmoja anauza ming'oko (mizizi ya kuchemsha) stendi. Utaratibu wenyewe hatujaubuni sisi, tumeuiga kwa hawa Toastmasters ambao walianzia Marekani, kule Santa Ana, California, mwaka 1924, bwana mmoja anaitwa Ralph Smedley alikuwa anawakusanya watu kwenye jengo la YMCA wajifunze kuhutubia na kuendesha vikao, na leo wana klabu nchi kibao. Sisi hatujajiunga nao rasmi, ada zao zinahesabiwa kwa dola na wengi wetu hela tunaishika msimu wa korosho tu, ikichelewa na sisi tumechelewa. Kitu kimoja kuhusu wao kinawachekesha sana dada zetu, kwamba wanawake waliruhusiwa rasmi kujiunga mwaka 1973, miaka yote hiyo wanaume wanahutubiana wenyewe kwa wenyewe! Kwetu bila akina mama klabu ingeshakufa zamani.

Sasa inakuwaje. Mtu anaandaa hotuba yake ya dakika 5 hadi 7. Mtunza muda anakaa mbele na kadi tatu, ya kijani inainuliwa dakika ya 5, ya njano ya 6, nyekundu ya 7, na ikishapanda nyekundu unamalizia sentensi unakaa, hata kama ndio ulikuwa unataka kutaja dawa ya malaria. Pembeni kuna mshika kopo. Huyu ana kopo tupu la maziwa na korosho ghafi mkononi, kila ukisema "yaani" isiyo na kazi, au "eee", au "nanihii", anadondosha korosho moja kwenye kopo, ta! Darasa zima linasikia. Kuna mwalimu mmoja siku zake za mwanzo ilikuwa ta ta ta mpaka yeye mwenyewe akasimama akacheka, akasema jamani hizi mkizipeleka mnadani si nitapata hela ya ada ya mtoto. Siku hizi unaweza kumsikiliza mwanzo mwisho kopo limetulia, na kwakweli hakuna aliyemfundisha zaidi ya ile sauti.

Halafu kuna kapu. Vikaratasi vina mada, unachomoa kimoja na papo hapo unaongea dakika moja hadi mbili bila kujiandaa. Hapa ndipo watu wanapotoka jasho. Mama wa ming'oko siku ya kwanza alikataa, ya pili akakataa, akawa anakuja tu anakaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri basi. Siku akachomoa, ikamwangukia ya kumweleza mgeni chakula ambacho hajawahi kukiona. Alisimama kimya, mikono kaifunga kwenye kanga, mpaka tukaanza kukohoa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ming'oko haipandwi." Basi, mlango ukafunguka! Akaanza kueleza unavyoingia porini, unavyoutambua ule mmea, unavyochimba taratibu usikate mzizi, unavyochemsha, vile watu wa Dar wanavyoigusa kwa ncha ya kidole kama itawang'ata. Kadi nyekundu ikapanda, akamtazama mtunza muda akamwambia, "We kijana subiri kwanza, sijafika kwenye pilipili." Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani.

Ila kiini cha klabu, kwa mtazamo wangu, ni tathmini. Ukimaliza hotuba kuna mwenzako aliyepangwa kukusikiliza wewe tu, anasimama dakika 2 au 3 anasema kipi kimemkaa moyoni na kipi ukarekebishe, mbele yako, watu wote wanasikia. Huku mtaani hakuna hicho kitu. Mtaani ukiongea vibaya kwenye harusi watu watakupigia makofi, wakitoka nje ndio wanakusema, au wanakuiga. Yule mzee wa bandarini aliambiwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi kwamba "shikamoo babu, hotuba yako nimeielewa, ila ulikuwa kama unatugombeza." Darasa likanyamaza. Mzee akaitikia marahaba, akachukua kalamu akaandika kitu kwenye daftari lake, na wiki iliyofuata akaja kuongelea meli zilivyokuwa zinaingia pale gatini enzi hizo, taratibu, anatabasamu, na alipomaliza akamtafuta yule kijana kwa macho. Sasa hivi hao wawili ni marafiki, mzee ndio kamtafutia dogo sehemu ya kujifunza ufundi umeme.

Na urafiki wenyewe hauishii darasani. Nesi wetu alifiwa na baba yake, nyumbani kwao ni upande wa Ndanda, tukachanga, tukakodi noa, tukaenda tuliobahatika. Familia ikawa inatafuta wa kusoma wasifu wa marehemu, kila mtu anamsukumia mwenzie, nesi akasema nitasoma mimi. Mtoto wa kike, wa mwisho kuzaliwa, kwenye umati ule. Alisimama akasoma na pale alipokwama hakukimbilia, alinyamaza akavuta pumzi akaendelea, na sisi tuliokuwa nyuma tulijua kabisa hicho kituo kakitoa wapi. Wazee wa pale walimuuliza amesomea wapi hayo mambo.

Kuna ugomvi wetu mdogo pia niutaje, isionekane kama ni pepo. Vijana wanataka Jumamosi zote ziwe Kiingereza kwa ajili ya intavyuu za kazi, wakubwa wanataka Kiswahili. Tukakubaliana Kiingereza kiwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mimi niko upande wa Kiswahili, UNESCO wenyewe mwaka 2021 wameipitisha Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, halafu sisi wenyewe tukione kidogo! Lakini intavyuu ndio zinaleta mkate, kwa hiyo nimetulia.

Haya, sasa niseme kilichonifanya niandike.

Ukitoka kwenye klabu Jumamosi, ukaingia kwenye mkutano wa hadhara siku nyingine, unaumwa kichwa. Kwanza unaanza kwa kuchelewa. Kisha utambulisho wa meza kuu, kila mmoja anasimama anapunga mkono, kisha mmoja anasema itifaki imezingatiwa na baada ya hapo anaanza kuitaja itifaki yote upya. Korosho oyee mara kumi. Mgeni rasmi anaongea mpaka jua linahama kutoka turubai moja kwenda lingine. Ikifika zamu ya wananchi unasikia "ndugu zangu muda umetutupa mkono, tuchukue maswali mawili tu," na hayo mawili yanachukuliwa na walewale wa mbele ambao kila mkutano wapo, mmoja haulizi swali anashukuru uongozi, wa pili naye anahutubia. Wale akina mama waliokaa kwenye mikeka kule nyuma tangu asubuhi wanakung'uta kanga zao wanaondoka.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Sio wa mwenyekiti na wageni wake. Na kwenye korosho ndio usiseme, huku kwetu mnadani bei inasomwa na wakulima wanaulizwa wanaikubali au wanaikataa, hiyo ni haki kubwa sana, lakini haki ya kukataa inamsaidia nini mtu ambaye akisimama mbele ya watu ulimi unaganda? Atanyamaza, mwenye sauti kubwa ataitikia kwa niaba yake, halafu jioni kwenye kahawa ndio utasikia hoja zote nzuri, makato yalikuwa hivi, usafirishaji ulikuwa vile, bei ya salfa, viuatilifu vilichelewa. Hoja zipo jamani, na zinaongewa na watu walewale waliokuwa kimya saa tano asubuhi.

Kuna kauli inanikera, kwamba watu wa Kusini ni wapole hawana maneno. Mkapa katoka wapi? Lupaso, Masasi, na akiwa Rais kati ya 1995 na 2005 alikuwa na hotuba zake za kila mwisho wa mwezi redioni, watu wanatega masikio nchi nzima. Upole ni upole, na kunyimwa nafasi ni kunyimwa nafasi, tusivichanganye.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi ni dogo na halina gharama. Kila mkutano uwe na mtunza muda mwenye kadi, na kadi ziwe za wote, meza kuu ikiwemo. Mgeni rasmi apewe dakika zake kabla hajasimama, aambiwe kwa heshima. Maswali yaanzie nyuma, mikekani, ndipo yaje mbele. Anayeuliza apewe dakika mbili, inatosha kabisa, sisi tunaona kila wiki mtu anamaliza jambo zito kwa dakika mbili kama akijua anataka kusema nini.

Tumeshalijaribu hili kwenye kikoba kimoja cha akina mama waliotualika. Mwanzo lilileta maneno. Binti mdogo alimwinulia mweka hazina kadi nyekundu, mweka hazina ni mtu mzima, na mila zetu unazijua mhariri, mtoto hawezi kumwambia mkubwa kaa chini. Watu waliguna na mimi nikaona leo tunarudi na aibu. Mwenyekiti wao ndiye alituokoa, alichukua zile kadi akampa bibi mmoja mkubwa kuliko wote pale, akasema kuanzia leo saa ni ya bibi. Basi ikaisha! Bibi akinyanyua nyekundu hata mwenyekiti anakaa, maana nani atabishana na bibi. Wakamaliza hesabu zao, mikopo ikajadiliwa, na wawili watatu ambao, kwa maelezo yao, hawakuwahi kufungua mdomo kwenye kikao walisema yao, mmoja alihoji faini na akaonekana ana haki. Kwa hiyo ninashauri kabisa, mtunza muda awe mzee anayeheshimika, kijana amsaidie kusoma saa.

Najua kuna kiongozi atasema hizi ni mbwembwe za mjini. Sawa, ajaribu mkutano mmoja, akiona watu wamezidi kuondoka mapema arudi kwenye utaratibu wake wa zamani, hatutamlaumu.

Na nyie vijana mnaosema mnaona aibu, hata sisi tuliona aibu, na Jumamosi wengine bado wanatetemeka miguu nyuma ya dawati ila kwa kuwa dawati ni fupi tunaiona. Anzeni yenu huko Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa, popote. Mnahitaji chumba, saa ya simu, kadi tatu za boksi, kopo, na watu wasiopungua wanane hivi ambao mmekubaliana kuambiana ukweli bila kununiana. Hilo la kutonuniana ndio gumu, mengine yote yanapatikana.

Kwa AMCOS yoyote ya Mtwara au Lindi itakayopenda, kabla msimu haujafunguka mwezi wa kumi, sisi tuko tayari kuja na kadi zetu tukashinda nanyi siku moja ya mkutano mkuu, tuwaoneshe wanachama namna ya kuuliza swali kwa dakika mbili. Nauli tutajilipia wenyewe. Mtupe chai na muhogo, na kama msimu wa ming'oko upo, mama yetu anasema atakagua kama mmechemsha sawasawa.

Ni mimi msomaji wako,
Mwanaklabu, Shangani, Mtwara