Barua kwa Hamisi: Miaka ya Mwanzo ya Troy Polamalu

Pittsburgh, Pennsylvania
20 Oktoba 2024

Kwako rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini mu buheri wa afya. Sisi huku hatujambo, ingawa baridi imeanza kubisha hodi. Barua yako niliipokea na nikaisoma kwa makini, hasa pale ulipomweleza yule kijana wako anayecheza sentahafu, ambaye kila mechi huiacha nafasi yake na kukimbilia mahali ambapo hakuna aliyemtuma, mara akauokoa mpira na mara akaacha shimo ambalo wapinzani hulitumia. Umeniuliza pia kuhusu yule mchezaji wa Kimarekani mwenye nywele ndefu uliyemwona kwenye simu ya mwanao, ukitaka kujua ni nani na kwa nini watu wa mji huu bado wanavaa jezi yake ya namba 43. Maswali hayo mawili umeyaandika mbalimbali, lakini kwangu mimi ni swali moja, na nitalijibu kwa kukusimulia jinsi Troy Polamalu alivyoanza kazi yake ya kulipwa.

Kwanza nikueleze nafasi yenyewe. Katika mpira wa Kimarekani kila upande una wachezaji 11 uwanjani, na nyuma kabisa ya ulinzi husimama watu wawili wanaoitwa sefti. Mbele yao wamo majitu ya kusukumana, kisha walinzi wa kati, na pembeni wapo wale wa kuwafuata wadakaji wa pasi. Mpinzani akiwapita hao wote, anayebaki ni sefti peke yake, na yeye akipitwa, kinachofuata ni mtu kukimbia hadi mwisho wa uwanja bila kuguswa. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi makocha waliitaka nafasi hii ikaliwe na mtu mtulivu, asiyedanganyika, anayesubiri mambo yamfikie. Unaona basi kwamba huyu ndiye sentahafu wako wa mwisho, na kwamba tabia ya kuhama kituo inatisha kwao kama inavyokutisha wewe.

Polamalu alizaliwa mwaka 1981 huko Garden Grove, California, katika familia yenye asili ya Samoa, na tangu utotoni akalelewa na mjomba wake katika kijiji cha Tenmile, jimbo la Oregon, kwa kuwa mama yake aliona kwamba huko atakuwa salama zaidi kuliko mitaa ya kwao. Alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Southern California, na mwezi Aprili 2003 akaingia katika drafti, yaani ule uteuzi wa kila mwaka ambapo timu hupokezana zamu za kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Zamu ya Pittsburgh Steelers ilikuwa ya 27. Viongozi wake wakaona wakisubiri watamkosa, wakawaendea Kansas City Chiefs waliokuwa na zamu ya 16, wakabadilishana nao, na kwa kuongezea wakawapa zamu zao za 92 na 200. Steelers walikuwa hawajawahi kumchagua sefti katika raundi ya kwanza tangu timu hiyo ianzishwe mwaka 1933. Huo ndio mzigo alioingia nao mjini kijana wa miaka 22 mwenye sauti ya chini kiasi kwamba waandishi wa habari walilazimika kumsogelea ili wamsikie.

Mwaka wa kwanza haukuwa na cha kusimulia, na hilo ndilo ninalotaka ulisikie kabla ya mengine. Alicheza mechi zote 16 za msimu wa 2003, lakini hakuanza hata moja. Mlinzi mzoefu, Mike Logan, ndiye aliyekuwa na nafasi, na Polamalu aliingizwa katika vikosi vya mpira wa kupigwa kwa mguu na katika vipindi ambavyo pasi ilitarajiwa na timu ikahitaji walinzi wengi wa nyuma. Hakunasa pasi yoyote, yaani hakudaka hata moja kati ya pasi za wapinzani. Timu yenyewe ilishinda mechi 6 na kufungwa 10. Kwa mchezaji ambaye timu ililipa zamu 2 za ziada ili kumpata, mtu yeyote mwenye haraka angesema kwamba bei haikulingana na bidhaa.

Kilichobadilika mwaka 2004 ni benchi la makocha zaidi kuliko miguu ya Polamalu. Kocha mkuu, Bill Cowher, alimrudisha Dick LeBeau kuongoza ulinzi. LeBeau si mtu wa kupitia kwa haraka. Alicheza beki wa pembeni kwa misimu 14 akiwa na Detroit Lions na kunasa pasi 62, kisha akawa kocha, na alipokuwa Cincinnati katika miaka ya 1980 akakuza mfumo uliowasumbua washambuliaji kwa miaka mingi. Katika mfumo huo, mtu mkubwa wa mstari wa mbele ambaye kila mmoja anamtarajia aje kumvamia kwotabeki, yaani yule mshambuliaji anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi, anaweza kurudi nyuma kulinda pasi, wakati mlinzi wa nyuma ambaye hakuna anayemhesabu ndiye anayevamia. Idadi ya wavamizi ni ileile, lakini kwotabeki hajui watatoka wapi, na sekunde moja anayoitumia kufikiri ndiyo inayomwangamiza.

Mfumo wa namna hiyo ulikuwa na njaa ya mtu kama Polamalu. Alikuwa na mbio za beki wa pembeni na ukakamavu wa mlinzi wa kati, na zaidi ya yote alisoma picha nyingi za wapinzani hadi akaweza kubashiri mchezo kabla haujaanza. LeBeau alimruhusu kusimama popote. Ungemwona amejibanza karibu na mstari wa mbele kana kwamba anavamia, kisha, mpira unapokaribia kuanzishwa, anageuka na kukimbia yadi 15 nyuma kulinda pasi ndefu. Au kinyume chake, ametulia mbali kama mzee kibarazani, na mara mpira ukianza yuko tayari mbele ya uso wa kwotabeki.

Sasa hapa, Hamisi, watu wengi wanaomsifu Polamalu huishia kusema alikuwa na kipaji, wakafunga mjadala. Mimi siridhiki na jibu hilo. Uhuru wake ulikuwa na mlipaji, na mlipaji huyo mara nyingi alikuwa Chris Hope, sefti wa pili, aliyeanza naye katika misimu ya 2004 na 2005. Kila Polamalu alipohama, ilibidi kuwe na mtu anayebaki nyuma, asiyedanganyika, anayelinda eneo kubwa kuliko haki yake na asiyesifiwa kwa kazi hiyo. Hope alipoondoka kwenda Tennessee mwaka 2006, Steelers hawakutafuta mtu wa pili mwenye machachari. Walimleta Ryan Clark, ambaye naye aliukubali wajibu wa kubaki. Kwa maoni yangu, uamuzi huo unaeleza zaidi jinsi timu ilivyomwelewa Polamalu kuliko tuzo zote alizopewa.

Matokeo yalikuja upesi. Msimu wa 2004 alianza kila mechi, akanasa pasi 5, na akachaguliwa kwa mara ya kwanza kuingia Pro Bowl, mechi ya wachezaji bora wa ligi. Moja ya pasi hizo aliirudisha hadi mwisho wa uwanja na kufunga dhidi ya Cincinnati, na aliyeitupa alikuwa Carson Palmer, mwenzake wa chuo, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ileile ya 2003. Steelers, wakiwa na kwotabeki mgeni Ben Roethlisberger, walimaliza msimu wa kawaida wakiwa wameshinda 15 na kufungwa 1, kisha wakang'olewa nyumbani na New England Patriots kwa 41 kwa 27, hatua moja tu kabla ya fainali. Timu yenye rekodi kama ile ikifungwa nyumbani, mji mzima hunyamaza, na wenyeji wangu wa hapa bado hawapendi kuizungumzia mechi hiyo.

Mwaka 2005 ndio ulioonyesha upeo wake. Tarehe 18 Septemba, ugenini dhidi ya Houston Texans, alimwangusha kwotabeki mara 3 katika mechi moja kabla hajautoa mpira, akaifikia rekodi ya ligi kwa wachezaji wa nafasi yake. Fikiria: mlinzi wa mwisho, ambaye kwa mila za mchezo huo alipaswa kuwa mbali kabisa na kwotabeki, anamfikia mara tatu.

Lakini mechi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mtoano dhidi ya Indianapolis Colts, Januari 2006. Steelers waliingia katika mtoano wakiwa wa sita, daraja la mwisho katika kundi lao, kwa hiyo kila mechi walicheza ugenini. Walikuwa wakiongoza 21 kwa 10 na dakika zisizofika 6 zimebaki, Peyton Manning akatupa pasi katikati, na Polamalu akajirusha, akaudaka mpira, akabiringika na kuanza kuinuka ili akimbie. Goti lake mwenyewe likaugonga mpira ukamtoka mikononi, akaurukia na kuushika tena. Uwanjani iliamuliwa kwamba ameinasa pasi, na ilionekana mechi imekwisha. Kocha wa Colts akapinga, refa akaenda kutazama picha za marudio, akarudi na kusema pasi haikunaswa. Colts wakapewa mpira wao, wakafunga, wakaongeza alama 2, ikawa 21 kwa 18. Siku iliyofuata ligi yenyewe ilikiri kwamba uamuzi wa kuibatilisha pasi ile ulikuwa na makosa.

Nimeitazama mechi hiyo zaidi ya mara moja kwa sababu ya kile kilichofuata. Polamalu hakumvamia refa wala kuinua mikono mbinguni. Alirudi kwenye nafasi yake na mchezo ukaendelea, na ukawa mchezo wa vituko: Steelers wakiwa yadi 2 tu kutoka kwenye mstari wa kufunga, Jerome Bettis akaangusha mpira, Nick Harper wa Colts akauokota na kukimbia nao, Roethlisberger akamdaka mguuni akaanguka, na mwishoni mpiga mpira wa Colts, Mike Vanderjagt, akakosa teke la yadi 46 ambalo lingesawazisha. Wiki iliyofuata Steelers waliwashinda Denver 34 kwa 17, na tarehe 5 Februari 2006, mjini Detroit, wakaifunga Seattle Seahawks 21 kwa 10 na kutwaa Super Bowl, ile fainali ya ligi, timu ya kwanza kufanya hivyo kutoka daraja hilo la sita. Fainali yenyewe haikuwa ya Polamalu, na sina haja ya kuirefusha. Alikuwa na miaka 24 na bingwa, na msimu huo alitajwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima.

Kuhusu nywele, kwa kuwa uliniuliza: aliacha kuzikata akiwa chuoni mwaka 2000, na zikamletea kisa kimoja cha kuchekesha. Unakumbuka zamu ya 27 ambayo Steelers waliwapa Kansas City? Chiefs waliitumia kumchagua mkimbiaji mmoja aitwaye Larry Johnson. Oktoba 2006 timu hizo zilipokutana, Polamalu alinasa pasi na kuanza kukimbia nayo, na aliyemkamata kutoka nyuma, kwa kuzishika nywele zile na kumvuta hadi chini, alikuwa Larry Johnson huyohuyo. Steelers walishinda mechi hiyo 45 kwa 7, kwa hiyo Polamalu hakuwa na sababu ya kununa sana.

Baadaye alicheza hadi 2014, misimu 12 yote akiwa na timu hii moja, lakini hayo ni ya barua nyingine. Kuhusu kijana wako, mimi si kocha na sitakufundisha kazi yako. Ila ningependa uniandikie umweleze yule anayecheza kando yake, kwa sababu katika barua yako nzima hukumtaja hata kwa jina. Ana utulivu? Anapenda kubaki nyuma, au naye anatamani kupanda? Je, wawili hao huzungumza wakati mchezo unaendelea, au kila mmoja anashtukia tu mwenzake ameondoka? Nikipata majibu hayo nitaweza kukupa maoni yenye uzito. Na mwanao akikuwekea ile mechi ya Houston kwenye simu, usiufuate mpira kwa macho. Mtazame namba 43 katika zile sekunde chache kabla mpira haujaanzishwa, kisha mtafute sefti mwenzake uone amesimama wapi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na umwambie mama nimezipata salamu zake.

Ni mimi rafiki yako,
Idrisa