Barua kwa mwanangu: hiyo kadi ni ya Mvumi

Mwanangu,

Habari za ajira yako zimetufurahisha nyumba nzima, baba yako ndiye kinara wa kutangaza. Ila dada yako ananiambia utapigia kura hukohuko Nzuguni, Dodoma mjini, kwa kadi ya mpiga kura ya huku kwetu Mvumi. Haiwezekani. Unapiga kura kwenye kituo ambacho jina lako limo daftarini, na lako limo huku. Mbunge wetu na diwani wetu si wa kwenu tena.

Hamisha taarifa. Kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, Tume ya Uchaguzi huboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mara mbili. Ikifika zamu ya Dodoma, nenda kituo cha kuandikisha na kadi yako, useme unahamia. Usiseme ndiyo kwanza unajiandikisha: kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na mashine ya kuandikishia, ile ya BVR, inachukua alama za vidole. Kwa hiyo hata kumtuma mtu haifai. Na usingoje siku ya mwisho kama ulivyozoea. Mzunguko ulioanza 2024 ulitoa siku 7 kwa kila kituo, basi.

Serikali za mitaa ni habari nyingine. Huko wanaangalia orodha ya mtaa unaoishi, kadi ya Tume haihusiki. Mwaka 2024 waliandikisha Oktoba 11 hadi 20, kura ikawa Novemba 27. Mwenye kadi ambaye hakujiandikisha kwenye orodha hiyo hakuwa na kura. Vijana mnaudharau uchaguzi huu, halafu mkitaka barua ya utambulisho mnakimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa, si kwa mbunge.

Siku ya uchaguzi mkuu vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi, hufungwa saa 10 jioni. Aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa 10 hupiga. Unapewa karatasi tatu: Rais, mbunge, diwani. Vema moja tu kwenye kisanduku cha mgombea wako. Usiandike jina wala saini, kura itakataliwa. Mkono ukiteleza usitumbukize, mrudishie msimamizi wa kituo akupe karatasi nyingine.

Kadi yenyewe uliiacha kabatini, kama kawaida yako. Nimeitia kwenye bahasha ya vyeti. Dada yako anakuja Jumamosi, anakuletea pamoja na unga wa uwele na mlenda mkavu. Ile ndoo yenye mfuniko mpe airudishe, alizeti inaanza kuvunwa na sina pa kuwekea mbegu.

Mama yako