Barua kwa mwanangu: Acha kumwagilia

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Picha imefika. Koti linakukaa vizuri na dirisha ni kubwa kuliko nilivyodhani, ila nimeikuza picha nikaona kisahani cha mshubiri kimejaa maji na udongo umekuwa mweusi. Desemba hii, Minneapolis, na taarifa ya habari inasema huko kumefika nyuzi 20 chini ya sifuri. Nenda kamwage hayo maji kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mimea uliyo nayo, mshubiri, sanseveria, adeniamu (lile waridi la jangwani) na huo mnyaa, yote imebeba akiba yake mwilini. Kiu ya mwezi mzima haiiui. Mchana wa Desemba huko kwenu ni pungufu ya saa 9, wakati hapa Tanga ni saa 12 na ushei, na jua lenyewe linapita chini chini. Mmea ukikosa mwanga haukui, na usiokua haunywi. Maji unayoongeza yanakaa tu kwenye udongo, yanajaza nafasi za hewa, mizizi inabanwa, kisha ukungu unaingia. Mshubiri wenye udongo mkavu unavumilia nyuzi 10 bila taabu. Ulowanishe kwenye nyuzi hizo hizo, utaona shina linalegea kutoka chini.

Usiniambie hapa nyumbani ulizoea kuona ndoo kila asubuhi. Jua la Tanga linakausha chungu kabla ya adhuhuri.

Chukua kijiti cha mishikaki, kichome hadi chini kabisa ya chungu, ukiache dakika kumi. Kikitoka na rangi ya unyevu au udongo umeganda, usimwagilie. Kikitoka kikavu, ngoja wiki nyingine. Baada ya hapo tumia maji ya uvuguvugu, si ya bomba yaliyotoka barafuni, mwagilia udongo na si katikati ya majani, hadi yachuruzike chini, kisha umwage yote ya kwenye kisahani. Kwa mshubiri na sanseveria hiyo ni mara moja kila wiki nne hadi sita. Adeniamu ikishapukutisha majani, na itapukutisha kukiwa chini ya nyuzi 15, usiipe kitu hadi uone machipukizi mapya. Ubonyeze ule unene wa shina: ukiwa mgumu, iache. Ukinywea kidogo huku bado mgumu, nusu kikombe inatosha. Ukibonyea kama embe bovu, hapo hakuna cha maji tena, ni kisu.

Kwa kisu: kipanguse kwa spiriti, kata juu ya sehemu iliyooza, na endelea kukata hadi nyama yote iwe safi, isiwe na hata doa moja la kahawia. Kila mkato pangusa tena. Kiache kipande mahali pakavu penye joto, wiki nzima hadi siku kumi, jeraha lifunge, ndipo ukipande kwenye udongo mkavu. Maji baada ya wiki nyingine. Vaa glavu, utomvu wa adeniamu ni sumu, na wa mnyaa ukiingia jichoni utakimbizwa hospitali.

Dirisha linaloelekea kusini ndilo lenye jua huko. Majani yasiguse kioo, yataungua kwa baridi. Na usiku pazia lipite kati ya mimea na kioo. Ukilishusha mbele yake umeifungia mimea upande wa baridi. Usiiweke juu ya hita pia. Hewa kavu ya moto inaleta utitiri, na vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, wanapenda kujificha kwenye makwapa ya majani. Ukiona pamba nyeupe, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, mguse mdudu mmoja mmoja, rudia kila wiki. Mmea ukirefuka na kupauka unatafuta mwanga. Nunua taa ya LED nyeupe, iweke sentimita 20 au 30 juu yake, saa 12 kwa siku. Watu wengi hapo wanakosea, wanaona mmea umepauka wanaongeza mbolea. Hakuna mbolea hadi Machi, hakuna kubadilisha chungu hadi Machi. Wakati huo ndipo utachanganya udongo nusu kwa nusu na pumisi au perlaiti, vile vijiwe vyepesi visivyoshika maji mengi, maana ule wa dukani umejaa mboji inayoshika maji.

Jani la chini likiwa la njano, laini, linapitisha mwanga, umezidisha maji. Likikunjamana huku limekauka na bado gumu, hiyo ndiyo kiu, na siku chache tu baada ya maji litajaa. Hili lisome mara mbili kwa sababu unasoma haraka: yote mawili yanaonekana kama mmea unaumwa, na mkono wako unakimbilia kikombe.

Ule mpungate wa Krismasi wa mwenzako uuweke kando ya haya yote. Asili yake ni misitu ya Brazili, na ukiwa na vichipukizi vya maua unataka unyevu. Ukiukausha utaangusha maua na mtagombana.

Kuhusu ombi lako la mshubiri wa porini kwenye sanduku la shangazi yako, hapana. Mishubiri yote isipokuwa ule wa kawaida wa dawa imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, inahitaji vibali, na udongo hauingii Marekani hivi hivi. Shangazi yako ana miaka sitini na mbili, sitaki ashikwe uwanja wa ndege kwa ajili ya chungu chako. Atakuletea kanga mbili na pilipili ya kusaga.

Nimefurahi umefaulu mitihani, baba yako kawaambia hadi wauza samaki. Fundi wa tangi amekuja, anasema mpira umekatika tena, na mdogo wako anadaiwa ada ya muhula. Ukituma, tuma kabla ya tarehe 5, foleni za benki unazijua.

Nipe picha ya kijiti.

Mama