Risala ya Wakulima wa Ngano, Makete, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Mkulima Shambani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Bwana Shamba wetu, wazee wetu na wanakikundi wenzetu, kamwene!

Tunakushukuru kwa kuipanda milima hii, tena kwa njia ya matope, uje uione ngano yenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza kama kikundi cha kuweka na kukopa. Mambo ya udongo yalituingia baada ya hasara. Mbolea ya ruzuku ilipokuja msimu wa 2022/2023 tulijiandikisha, tukapata DAP, mbolea ya kupandia, na urea, mbolea ya kukuzia, tukajua sasa tumetoka. Ngano ikadumaa, majani yakaingia rangi ya zambarau. Tukamlaumu muuza mbolea. Bwana Shamba alipopima akatuambia mfuko hauna kosa, udongo ndio wenye tindikali nyingi.

Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 23 za fosfeti, chakula ambacho mmea ukikikosa majani huwa ya zambarau. Kwenye udongo wa namna hii, chuma na aluminiamu huikamata kabla mzizi haujaifikia, na aluminiamu hiyo hiyo huidumaza mizizi. Tena urea tuliyomwaga miaka yote huongeza tindikali. Tulikuwa tunanunua dawa na ugonjwa kwa risiti moja.

Hapa mbele yako kuna vipande viwili vya ngano. Cha kushoto kilipata DAP peke yake. Cha kulia kilitangulia kupata chokaa ya kilimo, inayopunguza tindikali, ikachanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Tofauti hatuisimulii. Tunaomba ung'oe shina moja kila upande, utazame mizizi.

Urea nayo hatuimwagi tena yote siku ya kupanda. Sehemu kubwa husubiri ngano itoe machipukizi na ardhi iwe na unyevu. Ukiirusha juani inapotelea hewani, ukiizidisha ngano inaanguka chini. Mwenzetu mmoja, hatumtaji maana yuko hapa, alichanganya chokaa na DAP, ambayo nayo ina naitrojeni ya kukuza mmea, kwenye beseni moja apunguze kazi. Harufu ilimtoa machozi. Ilikuwa naitrojeni aliyoilipia ikienda zake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chokaa inachimbwa Songwe, lakini mbolea twaihesabu kwa mifuko na chokaa kwa tani, hivyo nauli ya lori inatushinda. Tunaomba usafiri wa pamoja na ghala la kuipokelea hapa kata. Ombi la pili ni kipima udongo kitakachokaa kwa Bwana Shamba, kwa kuwa hiki tulichotumia kilikuwa cha kuazima. Ikibidi kuchagua, tupe kipimo kwanza. Chokaa ikizidi nayo huifungia mimea madini ya zinki inayoyahitaji, na hatutaki kurudi kwenye kubahatisha.

Tunaomba kuwasilisha. Jembe la kung'olea shina liko kwa mwenyekiti.