Wa kuinywa mbege wapo tele, wa kuipika naye sina

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka Iringa. Mimi ni muuguzi mstaafu mwenye wajukuu, na huenda nakuzidi umri, lakini kwenye safu hii wewe ni shangazi wa wote, kwa hiyo shikamoo. Shida yangu haihusu ndoa wala watoto. Nimerudia kupika mbege, pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi, kazi niliyoiacha tangu usichana, na katika mji huu sijampata mtu wa kupika naye. Najua wapo watakaocheka kwamba bibi mzima anaandika gazetini kwa ajili ya pombe. Wacheke tu, ila naomba wasome mpaka mwisho.

Nimezaliwa Marangu. Kwetu mtoto akibatizwa, mbege inapikwa. Posa ikipelekwa, inapikwa. Tanga likianuliwa, inapikwa. Mama yangu alikuwa akiitwa na majirani aonje ya kwao kabla wageni hawajafika, nami nikimfuata nyuma. Hakuwa na maneno mengi. Anapiga funda moja, anakaa kimya kidogo, kisha anasema "ulezi wako haukuota vizuri" au "msesewe umezidi", na mwenye pombe hanuni, anarekebisha. Baadaye nikaenda chuo cha uuguzi, nikaolewa na Mhehe wa Kilolo, nikahamia huku, zikaanza zamu za usiku. Mbege haitaki mtu wa zamu. Inataka mtu anayeshinda nyumbani, kila akiipita anaisikiliza. Sasa nashinda nyumbani.

Nieleze kidogo inavyopikwa, kwa sababu shida yenyewe imo humo humo. Ndizi nazichukua kwa wanaoshusha mzigo wa Tukuyu. Nazifunika kwa magunia na majani makavu ya mgomba mpaka ziive zote pamoja na kuanza kulegea, kisha namenya na kuchemsha kwa kuni kwa saa nyingi, nikikoroga kwa mwiko mrefu, hadi ule umanjano uishe na sufuria nzima iwe na rangi ya udongo mwekundu. Zikipoa zinaingia kwenye pipa, zinafunikwa, zinaachwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo nyalu. Ukiinamisha sikio juu ya kifuniko unasikia inanong'ona, na siku mlio huo unapoanza kupungua ndiyo siku ya kuichuja.

Kwa upande wa pili kuna ulezi. Hapa mjini ulezi unauzwa kwa ajili ya uji, na muuza ulezi hana sababu ya kujali kama punje zake bado zina uhai. Kwa hiyo kabla ya kununua mwingi naomba konzi moja, naiviringisha kwenye kitambaa kibichi, nasubiri. Ukitoa vijimizizi vyeupe, narudi kununua. Usipotoa, unakuwa uji wa wajukuu. Ule mzuri unalowekwa, unafunikwa kwa gunia uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Kijana wa mashine ya kusaga alinikatalia mwanzoni, akisema nafaka iliyoota itamharibia unga wa watu. Tukakubaliana niwe wa mwisho jioni, na usafi wa mashine ni juu yangu.

Halafu msesewe, gome la mti, ndilo linaloipa mbege ule uchungu wake. Naletewa na mdogo wangu, anauweka kwenye basi umefungwa kwenye mfuko wa unga. Ukiuchemsha kidogo haufui dafu, ukiuzidisha unakunywa kwinini. Uji wa kimea ukishapoa, wenye maji ya msesewe ndani yake, unachanganywa na nyalu iliyochujwa, unalala usiku mmoja, na asubuhi povu limepanda mpaka kwenye ukingo wa pipa.

Sasa shida. Asubuhi hiyo mbege ni tamu. Kesho yake ni kali, na wapo wanaoipenda hivyo. Baada ya hapo ni siki. Haingoji mtu. Na huwezi kuipika kidogo ikatulia. Nimejaribu ndoo ndogo, ilipoa haraka mno, na kwa baridi ya Iringa ya Juni na Julai ikagoma kabisa kuumuka. Marangu nako kuna baridi, sikatai, lakini pipa la mama lilikaa jikoni kwenye moto wa kuni usiozimika. Mimi jiko langu ni la gesi na sakafu ni ya vigae. Mume wangu alishauri tuihifadhi kwenye friji ndani ya chupa za soda. Ikaendelea kuchacha humo humo taratibu, kizibo kikaruka usiku, na mboga zote zikanuka baa. Kwa hiyo kila nikipika ni debe zima, na debe zima linataka watu siku hiyo hiyo.

Watu wanakuja, hilo halina taabu. Wanakuja rafiki za mume wangu, wanakuja wajukuu wa jirani kuulizia togwa, anakuja mwenyekiti wa mtaa. Wanakunywa na kunisifu, "Mama, umetisha!" Nikiwauliza kama uchungu umezidi wanasema hapana. Nikiwauliza kama umepungua wanasema hapana pia. Wiki moja niliupunguza msesewe kwa makusudi, karibu niuondoe wote, na sifa zikawa zile zile. Shangazi, mtu wa namna hiyo nimfanyie nini? Ninachotafuta ni mtu wa kunikunjia uso, aniambie nimekosea wapi, kisha na mimi niende kwake nikamkunjie wangu.

Nimeshatafuta. Nilianzia kwa watu wa nyumbani. Tuna umoja wetu hapa mjini, tunazikana na kuchangiana harusi, mambo yanakwenda vizuri. Nikawaambia kikao kijacho nitaleta mbege. Waliileta midomoni kwa adabu, wakarudi kwenye bia zao. Mmoja akaniambia waziwazi kwamba mbege ni ya Desemba, mtu akishapanda kwenda kwao, na huku mjini inamkumbusha kazi za shamba alizozikimbia. Walioinywa yote ni wazee wawili, na wote wawili hawajawahi kupika kitu zaidi ya chai.

Nikaenda kwa wapika komoni, pombe ya mahindi ya huku. Hawa ni wapishi wa kweli, mahindi yao wanayaotesha kwa ustadi ambao nimeuonea wivu. Mama mmoja mwenye kilabu alinikaribisha vizuri, lakini nilipoanza kumuuliza habari za kimea aliniuliza, "Wewe unafungua wapi?" Nikamwambia sifungui popote, napika kwa kupenda. Hakuniamini, na simlaumu. Pombe ile inalipa ada za watoto wake. Mstaafu mwenye pensheni anapokuja na maswali mengi, naye lazima ajiulize. Hata hivyo kabla sijaondoka alinionyesha pipa lake lilipo, limegusa ukuta ambao upande wa pili wake kuna mafiga. Niliporudi nyumbani nililihamisha langu nyuma ya banda la kuni tunapopikia maharage, na nyalu ikachangamka. Kwa hiyo ziara moja tu, ya mtu asiyeniamini, imenifundisha kuliko sifa zote za mwaka. Unaona ninachokikosa?

Kuna pia shemeji yangu wa Kilolo, mgema ulanzi. Huyo tunaelewana. Mvua zikiwepo anakata ncha za mianzi michanga kila siku, anafunga mbeta zake za kukingia, na anaweza kukaa saa nzima akikueleza kwa nini ule wa bondeni ni mtamu kuliko wa kilimani. Ila msimu ukiisha mazungumzo yameisha, na yuko mbali. Tena ananitania kwamba ulanzi unajitengeneza wenyewe kwenye mwanzi, na sisi wa kuni na masufuria tunajisumbua.

Na yuko mwalimu mmoja kijana wa kemia anayetengeneza mvinyo wa rosela nyumbani kwake. Ana kipimajoto na daftari, anaandika kila kitu. Alipoonja yangu alisema, bila woga, kwamba ina siki kwa mbali. Nilitaka kumkumbatia! Tatizo ni kwamba anataka niache chachu inayojileta yenyewe, nitumie ya pakiti, ili kila pipa liwe sawa na lililotangulia. Labda ana haki. Mimi naona mbege ya pakiti itakuwa kitu kingine, kama ile pombe ya ndizi ya Arusha inayouzwa kwenye chupa. Si mbaya, lakini sikuipika mimi. Na kuna hili la pili: kijana wa watu kuingia uani kwa bibi kila Jumamosi, majirani wameshaanza kuhesabu.

Majirani wenyewe ni sura nyingine. Moshi ukionekana nyuma ya nyumba na harufu ya gome linalochemka, kuna anayenong'ona kwamba mama napika gongo. Gongo bila leseni ni kosa la jinai, na mimi niliyeuguza watu waliopofuka kwa pombe za ajabu ndiye wa mwisho kuigusa. Mwingine alituma mtoto na chupa na pesa. Nikairudisha pesa, nikajaza chupa, mama yake akanuna kwa sababu aliona nimemfanya omba-omba. Kanisani nako mzee mmoja ameniuliza kwa upole kama ni kweli "nimefungua".

Nimefikiria njia hizi. Ya kwanza ni kualika wapishi tu, yule mama wa komoni, shemeji wa ulanzi, mwalimu wa rosela, kila mmoja aje na chake, tuonje na kusemezana ukweli, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Lakini mama wa komoni akifunga kilabu chake Jumamosi anapoteza mauzo, na nikimlipa fidia nitakuwa nimemwajiri anikosoe. Ukosoaji wa kulipwa hauna tofauti na zile sifa za bure. Je, nimwalike Jumatatu? Au niende mimi kwake, nimsaidie kazi ya kuotesha mahindi, mpaka mwenyewe aone sina kilabu mfukoni?

Ya pili ni kumfundisha mtu kutoka mwanzo. Mjukuu wangu mkubwa ana hamu, anapenda kusikiliza pipa. Lakini ni binti wa sekondari, na mama yake, mwanangu huyo, hataki hata kusikia. Ya tatu ni kukubali tu, nipike mara chache, shughuli ikiwepo, niache habari za wenzangu. Hiyo ndiyo anayoitaka mume wangu, ingawa yeye kwanza alitaka niuze.

Nina pia swali la kitabibu pembeni, nililibeba tangu kazini. Msesewe ni wa jamii moja na ule mmea wa India uliotoa reserpini, dawa ya presha tuliyowahi kuitumia sana. Wanywaji wangu wengi ni wazee wenye vidonge vya presha mfukoni. Nimekuwa nikiwapa kikombe kimoja na kuwakatalia cha pili, nao wanadhani ni uchoyo. Kama kuna daktari au mfamasia anayesoma safu hii, naomba aseme neno.

Na kama kuna msomaji wa Iringa, Mafinga au Njombe mwenye mti wa msesewe uliostawi kwake, anijulishe kupitia kwako. Nitakuja na kisu changu, nachukua gome la upande mmoja tu mti usife, na nitakuja na chupa ya mbege ya siku hiyo. Sharti ni moja, aionje mbele yangu na asiseme "umetisha".

Nishauri, Shangazi. Nipo tayari kuambiwa lolote isipokuwa niuze.

Mama wa Marangu,
Kihesa, Iringa