Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Mahindi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mavuno

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Ugani, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kijijini kwetu. Tunajua ratiba yako imebana na barabara umeiona mwenyewe, hivyo historia tutaipitia mbio.

Kikundi kilianza kwa kuazimana majembe. Leo kina katiba, muhuri, akaunti benki na turubai mbili, mafanikio makubwa mno. Tunapanda kwa mstari, sentimita 75 kwa 30, punje moja kila shimo, kilo 10 za mbegu kwa ekari. Viwavijeshi vamizi tunavisaka mara mbili kwa wiki, maana vikishazama kwenye moyo wa mmea dawa haivifikii. Shambani, Mheshimiwa, hatuna ombi.

Ombi linaanzia kwenye kuvuna. Hindi hukomaa punje inapoonesha alama nyeusi kwenye kitako, lakini hapo bado ni bichi. Hata likikaushwa kwenye bua, mara nyingi linafika nyumbani na unyevu wa asilimia 20, na mwisho wa kuhifadhi ni 13.5. Gunia la kilo 100 hapo linatakiwa kupoteza kama kilo 8 za maji. Turubai mbili zikishajaa, mahindi yanayobaki yanaanikwa kwenye udongo mtupu, na udongo ndiyo makazi ya ukungu unaotengeneza sumu iitwayo sumukuvu. Kisha tunapukuchua kwa fimbo, punje zinapasuka, na ukungu na mdudu dumuzi wanapata mlango.

Mkoa wetu wa Dodoma, pamoja na Manyara, ulizika watu mwaka 2016 kwa sababu ya sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Kukoboa kunaipunguza kwenye sembe, lakini inahamia kwenye pumba, pumba anakula ng'ombe, nayo inatokea kwenye maziwa ya mtoto. Na sisi wengi wetu ni watu wa dona.

Unyevu tunaupima kwa chumvi: chupa kavu, chumvi kavu, punje, unatikisa, chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi ni mabichi. Kasoro yake ni kwamba unyevu ukishuka chini ya asilimia 15 chumvi hainati tena, hivyo mahindi ya 14 yanapita kama makavu. Tukiyafungia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu, unyevu hauna pa kutokea. Mahindi yakiota ukungu, mfuko unalaumiwa bure.

Mheshimiwa, tunaomba sakafu ya zege ya kuanikia, mita 10 kwa 15, unene sentimita 10. Mahindi yakitandazwa kwa kina cha sentimita 4 na kugeuzwa kila saa, inabeba magunia 40 kwa mkupuo. Mawe, mchanga na kokoto tumeshakusanya wenyewe. Kilichobaki ni saruji mifuko 100 na kipima unyevu kimoja.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunakumbusha kuwa sakafu hii imeshaahidiwa mara mbili, mbele ya hadhira kama hii, na tukapiga makofi. Mara ya kwanza walikuja wapimaji. Vigingi vyao vimeliwa na mchwa. Mara ya pili tuliambiwa tuchimbe msingi, saruji iko njiani. Msingi sasa wanalala mbuzi, na kokoto tunazilinda kwa zamu, maana wenye kujenga wanazitazama sana. Hatumlaumu mtu. Ila ahadi zote mbili hazikuwa na tarehe, na kwa kuwa leo mpiga picha yupo, tunaomba tarehe itamkwe.

Mwisho, kikundi kinakukabidhi zawadi ya debe moja la mahindi. Tumeyapima kwa chumvi tu, Mheshimiwa, hivyo tafadhali yaanikwe tena nyumbani kabla ya kusagwa.

Tunaomba kuwasilisha.